Neva za mgongo zikiumia, mazoezi yanasaidia nini hasa?

Swali ambalo ndugu wa wagonjwa wanatuuliza kuliko yote hapa kitengo cha fiziotherapia ni hili, dokta, mishipa ya fahamu ya mgongo ikikatika inaota tena? Na la pili linafuata hapohapo, sasa akikazana na mazoezi si itaota haraka? Nimeona niandike kwa kirefu kidogo maana majibu yanayozunguka mitaani kwetu ni mawili na yote yanaumiza watu. Kuna wanaoambiwa mgongo ukishaumia ndo basi, mlazeni tu, mtu anarudishwa Kyela au Ludewa anawekwa chumba cha ndani anakonda mpaka anaisha. Na kuna wanaopewa ahadi kwamba mchueni, mnyoosheni kwa nguvu asubuhi na jioni, miezi mitatu anatembea. Wote hao wamedanganywa.

Tuanze na chenyewe tunachokiongelea. Watu wakisema uti wa mgongo wengi wanawaza zile pingili za mifupa unazozigusa ukipitisha mkono mgongoni. Ndani ya pingili hizo kuna tundu, na kwenye tundu hilo inapita kamba laini ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo, unene wake ni kama kidole cha mwisho cha mkono, urefu karibu sentimita 45 kwa mwanaume na pungufu kidogo kwa mwanamke, inaishia juu kidogo ya kiuno. Kutoka kwenye kamba hiyo zinatoka jozi 31 za neva kwenda mikononi, kifuani, tumboni, miguuni, kwenye kibofu, kila mahali. Amri ya kunyanyua mguu inashukia humo, na habari ya kwamba umekanyaga mwiba inapandia humohumo. Kwa hiyo pingili ikivunjika ikaibana au ikaichana kamba hiyo, kila kilicho chini ya pale kinapoteza mawasiliano na kichwa.

Huku Nyanda za Juu Kusini sababu zake tunazijua. Bodaboda ndo namba moja machoni mwetu sisi tunaowapokea, halafu ajali za barabara kuu kwenye milima kama Kitonga na Iwambi, halafu watu kudondoka juu ya miti, vijana wa parachichi kule Rungwe na Njombe na wapasua mbao wa Mufindi. Na kuna kifua kikuu cha mgongo ambacho kinakula pingili taratibu mpaka zinaporomoka zenyewe bila mtu kuanguka popote, nitakirudia huko mbele kwa sababu mazoezi na kifua kikuu cha mgongo ambacho hakijagundulika ni hatari.

Sasa je, zinaota tena? Neva za mkononi na mguuni, hizo zilizoko nje ya uti wa mgongo na ubongo, ndiyo zinaota. Ukijikata na panga kwenye kiganja neva ikashonwa vizuri inakua kama milimita moja kwa siku, yaani sentimita tatu kwa mwezi, ndo maana mtu anakaa miezi mingi ndo anaanza kuhisi ncha ya kidole. Zile za ndani ya uti wa mgongo zina shida kubwa zaidi. Kwanza pale palipoumia panajijenga kovu, na kovu hilo linatoa kemikali zinazozuia nyuzi za neva kupita. Pili ule utando wa mafuta unaozunguka nyuzi una protini ambazo kazi yake ni kama kusema usikue, moja inaitwa Nogo. Tatu seli yenyewe ya neva ya mtu mzima imeshapunguza ile hamu ya kukua iliyokuwa nayo utotoni.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini imeisha hapo. Halafu mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo kule Montreal, Canada, wakachukua kipande cha neva ya mguuni ya panya wakakipandikiza kama daraja kati ya ubongo na uti wa mgongo, na zile nyuzi zilizosemwa haziwezi kukua zikaingia kwenye kipande hicho zikakua sentimita kadhaa. Kumbe uwezo upo, mazingira ndo yanayozuia. Mimi naona huo ndo utafiti uliofungua mlango wa kila kitu kilichofuata, maana tangu hapo swali likawa unabadilishaje mazingira.

Na hapo ndipo mazoezi yanapoingia. Mwili una protini zinazolisha neva, zikiwepo za kutosha seli ya neva inaishi, inatoa matawi, inaunganika na jirani zake. Inayoongelewa sana inaitwa kwa kifupi BDNF, iligundulika mwaka 1982 kutoka kwenye ubongo wa nguruwe. Mwaka 1995 watafiti wa California wakaonyesha kwamba panya waliowekewa gurudumu la kukimbilia walikuwa na BDNF nyingi zaidi kwenye ubongo kuliko waliokaa tu, na mwaka 2002 watafiti wa chuo kikuu cha Los Angeles wakaonyesha hivyohivyo kwenye uti wa mgongo na hata kwenye msuli wenyewe. Msuli! Watu hawaamini nikiwaambia hili, kwamba paja linalofanya kazi nalo linahusika kuandaa chakula cha neva zinazoliendesha. Mwaka 2004 wakaenda mbali zaidi, wakachukua seli za neva kutoka kwa panya waliokimbia siku tatu au siku saba tu, wakazikuza nje ya mwili kwenye chombo cha maabara, zikatoa nyuzi ndefu kuliko za panya wasiokimbia, na kadiri panya alivyokimbia zaidi ndivyo nyuzi zilivyorefuka.

Naomba hapa msomaji utulie kidogo. Hao ni panya, na kilichorefuka ni nyuzi za neva za hisia. Hakuna mazoezi yoyote duniani yaliyothibitika kuunganisha uti wa mgongo wa binadamu uliokatika kabisa. Mtu akikwambia mazoezi yake yanafanya hivyo na anataka hela, mkimbie.

Lakini sasa sikiliza sehemu ambayo wengi hawaelezwi. Majeraha mengi ya uti wa mgongo hayakati kamba nzima. Yanaiponda, yanaibana, yanaiacha imevimba, na mara nyingi zinabaki nyuzi chache zimepona pembeni, hata kwa baadhi ya watu ambao ukiwapima hawahisi wala hawasogezi chochote. Hizo zilizobaki ndo mtaji wetu. Fikiria foleni ya barabara kuu pale Mwanjelwa, Mbeya, jioni, magari yamesimama hayaendi mbele wala nyuma, lakini bajaji zinaingia vichochoroni zinatokea Mafiati kwa njia ndefu na watu wanafika nyumbani. Neva zilizosalimika zinafanya kitu cha namna hiyo, zinatoa matawi mapya, yanaungana na seli fupifupi zilizopo katikati ya uti wa mgongo, na ujumbe unazunguka eneo lililoumia. Hili limeonekana kwenye panya kwa darubini kabisa. Na matawi hayo yakishatoka hayajui yaende wapi, yale yanayotumika ndo yanaimarika na yasiyotumika yanakufa. Kutumika kwenyewe ndo mazoezi.

Jambo lingine ni kwamba uti wa mgongo wenyewe una akili yake. Tangu mwaka 1911 Thomas Graham Brown wa Uingereza alionyesha kwamba uti wa mgongo wa paka uliotenganishwa na ubongo bado unaweza kutoa ule mpigo wa kutembea, kushoto kulia kushoto kulia. Miaka ya 1980 watafiti wa Montreal na Los Angeles wakawa wanawafundisha paka waliokatwa uti wa mgongo kutembea juu ya mkanda unaozunguka kwa mashine, miguu ya nyuma, na baada ya wiki kadhaa za mafunzo wakawa wanapiga hatua wanabeba uzito wao. Na kuna kitu kimoja kwenye tafiti hizo nakipenda sana kwa sababu kinatufundisha kazi yetu ya kila siku: paka waliofundishwa kusimama tu wakawa hodari wa kusimama, kutembea hawakuweza vizuri, na waliofundishwa kutembea ndo walitembea. Uti wa mgongo unajifunza kile unachofanyishwa. Mafunzo yakiachwa wiki nyingi unasahau.

Kwa hiyo unapomkuta ndugu yako anafanyishwa kukunjwa na kukunjuliwa mguu akiwa amelala chali kila siku, mwezi wa kwanza mpaka wa sita, ujue hiyo inalinda viungo visikakamae, na ni kazi muhimu, lakini haimfundishi kusimama. Kusimama kunafunzwa kwa kusimama. Kukaa kunafunzwa kwa kukaa, miguu ikiwa chini imegusa sakafu, bila kuegemezwa mito pande zote. Mikono inafunzwa kwa kushika kikombe, kuvuta shuka, kufunga vifungo. Na akili ya mgonjwa iwepo, ajaribu mwenyewe kusogeza hata kama hakuna kinachoonekana, asiwe anasogezwa huku anaangalia tivii.

Watu wengi wanatuuliza kuhusu mashine za nje wanazoziona kwenye simu, mtu ananing'inizwa kwa mikanda anatembezwa kwenye mkanda wa umeme. Niwape habari nzuri. Kulifanyika utafiti mkubwa Marekani na Canada, majibu yakatoka mwaka 2006, watu 146 walioumia uti wa mgongo bila kukatika kabisa wakagawanywa, wengine wakafundishwa kwa mashine ya kuning'iniza na wengine wakafundishwa kutembea kawaida sakafuni na mtaalamu, wiki 12. Matokeo hayakutofautiana, na wengi wa wale ambao mwanzoni walikuwa na msogeo kidogo wa miguu walitembea. Maana yake mtu wa Makambako asiyeweza kufika kwenye mashine ya mamilioni hajakosa dawa. Kilichofanya kazi ni kurudiarudia hatua, kwa usimamizi, siku nyingi.

Kuna na ile ya umeme. Kijana mmoja Mmarekani, Rob Summers, aligongwa na gari mwaka 2006 akapooza chini ya kifua. Alifanya mafunzo ya kutembea mara 170 ndani ya miezi 26 na hakuweza kusimama. Halafu akawekewa kifaa cha umeme juu ya uti wa mgongo, wakaendelea na mafunzo, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba kifaa kikiwashwa anasimama mwenyewe akibeba uzito wake. Mwaka 2018 makundi ya Marekani na Uswisi yakatangaza watu wachache waliopiga hatua kwa njia hiyo. Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba mazoezi peke yake yana mpaka, na pia kwamba hata huko kwenye teknolojia kubwa kifaa kimekwenda pamoja na mafunzo ya muda mrefu.

Sasa turudi nyumbani. Mazoezi yanaanza lini? Baada ya daktari kusema mgongo umetulia, pingili haziwezi kuhama. Kabla ya hapo ni kumgeuza kwa uangalifu mwili mzima pamoja na kusogeza viungo taratibu, na anayefanya awe ameelekezwa. Kwenye ajali yenyewe jamani msimkunje majeruhi mkamweka mshikaki katikati ya watu wawili kwenye bodaboda, tafuteni mlango au ubao mpana, mgeuzeni watu wanne kwa pamoja kichwa na mgongo vikiwa mstari mmoja. Tunapokea watu ambao maelezo ya walioshuhudia yanaonyesha walikuwa wanachezesha miguu pale barabarani, wamefika hospitali hawachezeshi.

Na kifua kikuu nilichosema. Mgongo unauma wiki nyingi, usiku jasho, unapungua uzito, miguu inaanza kuwa mizito au ya ganzi, au kuna nundu inatokea mgongoni, usiende kuchuliwa na usianze mazoezi uliyoyaona YouTube. Nenda ukapigwe picha na upimwe. Kinatibika kwa dawa, wengine wanahitaji na upasuaji, na ukiwahi neva zilizobanwa zina nafasi kubwa ya kurudi.

Mgonjwa akishaanza kukaa na kusimama tegemeeni kizunguzungu, presha inashuka kwa sababu mishipa ya damu ya miguuni imepoteza amri, basi mnyanyueni kwa hatua, kwanza muinulieni egemeo la kitanda, halafu akae pembeni ya kitanda, halafu ndo kusimama. Vyuma vya kushikilia vya hospitali mnaweza kuviiga nyumbani kwa mianzi minene au miti ya mbao, viwili sambamba usawa wa nyonga, urefu mita tatu au nne, vimechimbiwa na kushindiliwa vizuri, na fundi avipige msasa visichome mikono. Chupa za maji zilizojazwa mchanga ni vyuma vya mazoezi tosha. Kwa wanaotumia wilchea mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 unasema angalau dakika 20 za mazoezi ya kutoa jasho mara mbili kwa wiki pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli inayofanya kazi mara mbili kwa wiki, na kwa afya ya moyo na sukari dakika 30 mara tatu. Kusukuma wilchea kwenye kipande cha lami kilichonyooka kunatosha kabisa, ila milima yetu na utelezi wa Tukuyu wakati wa mvua usiende peke yako.

Mambo ya kuogopa sasa, na hapa naomba wanaouguza wasome mara mbili. Miguu isiyohisi haisemi inapoungua. Mwezi wa sita na wa saba baridi la Makete na Njombe linaleta watu karibu na jiko la mkaa, na tunapata vidonda vya moto vibaya sana kwa mtu ambaye hakusikia chochote mpaka akaona ngozi imebabuka. Mvike soksi na blanketi, jiko likae mbali, maji ya kuoga yapimwe na mkono wa mtu mwenye hisia. Makalio nayo, anayekaa kwenye wilchea ajinyanyue au aegemee pembeni kila baada ya dakika 15 mpaka 30, na wa kitandani ageuzwe kila masaa mawili, usiku pia, maana kidonda kimoja cha kulalia kinaweza kusimamisha mazoezi kwa miezi. Mifupa ya miguu iliyopooza inakuwa dhaifu, ukilazimisha kukunja goti lililokakamaa unaweza kuvunja paja. Mguu mmoja ukivimba ukawa wa moto acha mazoezi umpeleke, inaweza kuwa damu imeganda.

Na kwa walioumia kuanzia usawa wa kifua kwenda juu kuna hatari moja ambayo hata wahudumu wengine hawaijui, presha inapanda ghafla sana, kichwa kinagonga, uso unakuwa mwekundu au anatokwa jasho sehemu ya juu tu. Mara nyingi chanzo ni kibofu kimejaa, mpira wa mkojo umejikunja, au choo kimekwama. Mkalishe haraka, usimlaze, legeza mkanda na nguo, angalia mpira wa mkojo, na kama haishuki kimbizeni hospitali. Inaua. Ndiyo maana kabla ya mazoezi kibofu kitolewe mkojo kwanza.

Kuna hili pia la miguu kurukaruka yenyewe usiku. Wengine wanafurahi wanasema anapona, wengine wanasema ni mambo ya kishirikina wanaanza kuzunguka kwa waganga. Ni ule uti wa mgongo chini ya jeraha unajiendesha bila breki ya ubongo. Mazoezi ya kurudia, hata kuzungushwa miguu kwenye pedo za baiskeli, kwa panya yameonekana kurudisha sehemu ya hiyo breki, na kwa wagonjwa wengi tunaona huo mkazo wa misuli unaorusha miguu unapungua. Ila ukizidi ghafla kuliko kawaida tafuteni sababu, mara nyingi ni mkojo mchafu au kidonda kimejificha.

Mpaka lini? Mabadiliko makubwa yanakuja miezi mitatu mpaka sita ya kwanza na yanaendelea taratibu mwaka mzima, wengine na zaidi ya hapo. Kwa hiyo miezi hiyo ya mwanzo, ambayo familia nyingi zinaitumia kusubiri, ndo ya dhahabu. Najua nauli ya kutoka Chunya au Ileje kila wiki haiwezekani kwa wengi, na najua kazi yote hii nyumbani inamwangukia mama au dada mmoja ambaye ana na shamba na watoto. Tunachoomba ni mje mara chache lakini mje vizuri, aletwe yule hasa atakayefanya naye mazoezi nyumbani, sio shemeji mwenye gari tu, mje na picha za mgongo zote hata za zamani, mgonjwa avae suruali pana na viatu vya kufunga visivyobana, na mtuambie ukweli nyumbani kuna nini na kuna nani. Mazoezi tutayapanga kwa kuangalia hivyo, na mwenye simu atarekodi kila zoezi ili wiki ya pili wasibishane mguu ulikuwa unashikwa wapi.